Jua Lawaangazia Wote: Nuru ya Mkristu ni Ipi?



Kila mwaka, katika mafundisho, hutokea mmoja wa kuuliza swali hili, wala si lazima awe mwenye akili kupita wenzake: "Mwalimu, mwasema wakristu ni wana wa nuru. Lakini asubuhi jua lachomoza juu ya nyumba ya mkristu na juu ya nyumba ya mpagani sawasawa, na muhogo wa huyu hukauka kama muhogo wa yule. Basi hiyo nuru yenu ni ipi, nayo yazidi nini?" Ni swali jema. Anayeliuliza hakosi adabu, ametazama vizuri. Tena Bwana wetu mwenyewe alifundisha mlimani kwamba Baba wa mbinguni huwachomozea jua lake watu wema na watu wabaya pia. Kwa hiyo tusimjibu ndugu huyu upesi kwa maneno ya kukariri, bali tufikiri pamoja naye.

Kwanza tuitazame nuru yenyewe, ile ya kila siku, ambayo kwa kuizoea tumeacha kuistaajabia. Ingieni asubuhi katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, yenye tundu dogo katika paa, na mama amekwisha kuwasha moto. Mtaona mshale wa jua umesimama toka paa hadi chini, kama fimbo, na ndani yake moshi na vumbi vyacheza. Mtoto hunyosha mkono apate kuushika. Sasa moshi ukiisha, mshale nao watoweka, ingawa doa la jua liko pale pale chini. Kumbe kile tulichokiona hakikuwa nuru, bali moshi ulioguswa na nuru. Nuru ikipita mahali pasipo kitu, jicho halioni neno. Yaonyesha chungu, yaonyesha uso wa mama, yaonyesha jogoo mlangoni, yenyewe haijionyeshi. Shikeni jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Tena nuru ni msafiri. Watu wa kale wengi walidhani kwamba hufika papo hapo, pasipo kutumia muda. Mwaka 1676 mtaalamu mmoja wa Denmark, Ole Rømer, alikuwa akiichunguza miezi ya sayari iitwayo Mshtarii, akaona kwamba dunia yetu ikiwa mbali zaidi na sayari ile, miezi hiyo huonekana kuchelewa kuingia kivulini na kutoka. Akatambua kwamba si miezi inayochelewa, bali ni nuru, kwa kuwa ina safari ndefu zaidi ya kutufikia. Leo mwendo wake umepimwa vema: hukimbia karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Jua li mbali nasi kilometa milioni 150 hivi, na nuru yake hutumia dakika 8 na sekunde 20 hivi njiani. Ni muda wa kusali makumi mawili ya rozari bila haraka. Jua mnaloliona likitua nyuma ya mlima ni jua la makumi mawili yaliyopita.

Jioni za Kwaresima, kama hakuna mawingu, tazameni upande wa kusini. Mtaona nyota nne zilizokaa kama msalaba, na kando yake nyota mbili kali zenye kuuelekea. Katika hizo mbili, ile iliyo mbali zaidi na msalaba ndiyo yenye kung'aa zaidi. Wataalamu huiita Alfa ya Kentauri. Baada ya jua letu, ni katika nyota zilizo karibu nasi kuliko zote, na hata hivyo nuru yake husafiri miaka 4 na miezi michache kabla ya kuyafikia macho yetu. Nami nikiitazama hukumbuka jambo la wazee wetu. Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe, walifika penye ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali, alikuwa ametaka watu wazima wajaribiwe na kufundishwa muda wa miaka 4 kabla ya kubatizwa, isipokuwa katika hatari ya kufa. Basi nuru iliyotoka katika nyota ile siku mtu alipoandikwa jina lake kwa mwalimu, ilimfikia karibu na siku ya ubatizo wake. Muda wote ule ilikuwa njiani, na yeye hakujua. Siku hizi mmefupishiwa muda huo, na hata hivyo nasikia wengine wakinung'unika.

Mwanzo wa Maandiko Matakatifu twasoma kwamba Mungu aliumba nuru siku ya kwanza, na jua siku ya nne tu. Wako wanaocheka wakisikia hayo. Lakini fikirini jinsi mambo yalivyokuwa kwa Waisraeli. Wamisri walimwabudu jua kwa jina la Ra. Wababeli walimwabudu kwa jina la Shamashi. Mwandishi mtakatifu hataki hata kulitaja jua kwa jina lake. Asema tu kwamba Mungu alifanya taa mbili, moja kubwa ya mchana na moja ndogo ya usiku. Taa! Kitu cha kutundikwa na mwenye nyumba. Hakuwa akifundisha elimu ya nyota. Alikuwa akiwaambia jamaa zake kwamba nuru haikuanza na jua, wala jua si bwana wao, kwa hiyo wasilipigie magoti.

Hapo yafaa kumtaja padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu mzima wapanuka. Na mwaka 1931 akaeleza kwamba zamani sana ulikuwa kitu kimoja kidogo kilichobanana, kisha kikatawanyika. Mwaka 1965 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamenasa kwa chombo chao masalio ya nuru ya kale kabisa, iliyosafiri zaidi ya miaka miliari 13, yaani miaka milioni elfu kumi na tatu na zaidi. Padri Lemaître alipata habari hiyo muda mfupi kabla ya kufa kwake, mwaka 1966. Wengi walitaka kusema: Tazameni, elimu imethibitisha siku ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo! Yeye hakupenda kusema hivyo. Alitaka hesabu zake zipimwe kama hesabu, wala zisifanywe kuwa hoja ya dini. Kwa maoni yangu alifanya vema, kwa sababu imani iliyoegemezwa juu ya hesabu ya leo itayumba siku hesabu itakaposahihishwa.

Hata hapa, ndugu yetu aliyeuliza swali hajajibiwa. Nuru yastaajabisha, lakini yamstaajabisha mpagani pia, kama akipenda kutazama.

Yuko samaki mdogo anayetufundisha neno jingine juu ya nuru, nalo si neno tamu. Ninyi mkaao Uvira, Kalemie na Moba, na kando yote ya ziwa, mwajua uvuvi wa ndagala. Usiku usio na mwezi mitumbwi yatoka, na kila chombo kina taa zake. Zamani zilikuwa taa za petroli zenye kupigwa pampu. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Ukisimama mlimani waona ziwa limekuwa kama mji mkubwa, na mgeni husema, Lo, uzuri ulioje! Chini ya taa hukusanyika vijidudu vya maji, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni vizuri. Ndagala huvifuata vijidudu, na mukeke humfuata ndagala. Wote wazunguka, wazunguka, katika mwangaza. Na wavu uko chini yao tayari, katika giza. Kisha wavuvi wavuta.

Sisemi neno baya juu ya wavuvi. Hulisha watoto wetu, na mitume wanne walikuwa wa kazi hiyo. Nasema juu ya samaki. Ile taa ya mvuvi si ya uongo, ni nuru kweli. Ndagala hakupotezwa na giza. Amepotezwa na nuru.

Basi mtu akisema "fuateni nuru", hajasema neno la kutosha. Mjini mna nuru nyingi usiku, na vijana waenda huko. Katika mashimo ya dhahabu mna mng'ao, na madawati ya shule yabaki matupu. Mama wa kijana hungoja barua, kisha hungoja habari yoyote. Wako pia wahubiri wenye sauti kubwa, waahidio mali kwa yule atakayeleta mali yake kwanza. Uso wa kijana aliyeshika simu usiku wa manane wang'aa, nanyi mwauona kutoka mbali. Muulizeni kesho yake ni kitu gani alichokiona, naye hatakumbuka. Vitu hivi havilingani kwa ubaya, wala mji si dhambi, wala simu si dhambi. Dhahabu nayo imo katika kalisi ya padri. Lakini mtu atajuaje nuru imwongozayo na nuru imvuayo?

Rudini sasa kwenye mshale wa jua katika nyumba ya nyasi. Tulisema nuru ile haijionyeshi, yaonyesha vitu vingine: chungu, mama, mlango. Jua likichomoza, hakuna mtu akaaye akilikodolea macho. Kila mmoja aona njia yake na kwenda shambani, na aona ni nani aketiye mlangoni mwa jirani, na kama amedhoofika tangu jana. Taa ya mvuvi haimwonyeshi ndagala kitu chochote isipokuwa taa. Haimwonyeshi njia, haimwonyeshi wenzake kuwa katika hatari. Wavu hasa haimwonyeshi. Nuru ikikufanya uione yenyewe tu, na kusahau nyuso za jamaa zako, angalia kilicho chini ya mtumbwi. Ikikuonyesha jirani yako, hata katika hali usiyopenda kumwona, yaelekea kwamba yatoka kwa Mungu.

Na hapa naona jibu la swali letu laanza. Nuru ya mkristu si jua la pili, walilopewa wachache na kunyimwa wengine. Ni kukubali kuona yale ambayo jua la watu wote linatuonyesha, na hasa kumwona mtu.

Nieleze jambo lililotokea katika kijiji kimoja cha milimani, ambacho sitakitaja. Mjane mmoja mzee, asiye na mtoto wa kiume, alikuwa na shamba lake mbali kidogo na nyumba. Usiku watu waliona kijinga cha moto kikitembea huko, kikienda na kurudi, bila sauti ya mtu. Juma lile lile mtoto alikufa kwa homa. Watu waliunganisha mambo hayo mawili, kama mwajuavyo, na macho mekundu ya mama yule, yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi, yakawa ushahidi wa tatu. Vijana walisema ahame kabla ya Dominika. Wakatekumeni wawili, tena si wale wenye bidii ya kusali kwa sauti kubwa, wakaenda shambani mchana. Waliona kibanda cha nyasi, majivu, na nyayo za nguruwe wa pori. Upande mmoja muhogo ulikuwa umefukuliwa wote. Upande ule mama alikokuwa akipita na moto wake, muhogo umesimama mzima. Wakarudi, wakasema mbele ya wazee yale waliyoyaona. Hawakuhubiri. Wengine waliamini, wengine hawakuamini. Mama yule alibaki kijijini, na wale waliopaza sauti zaidi hawajamwomba radhi hata leo.

Angalieni: usiku ule wote waliuona moto. Macho yao yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama. Homa ile ya watoto, ambayo mara nyingi ni malaria iletwayo na mbu, ingetafutiwa dawa na chandarua; lakini sisi twatafuta kwanza aliyepita usiku. Wala si sisi peke yetu. Mtakatifu Yoane aeleza katika Injili yake, sura ya 9, kwamba mitume walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakuuliza wamsaidie namna gani. Waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Ni swali letu lile lile, lililoulizwa barabarani Yerusalemu! Bwana Yezu alikataa pande zote mbili za swali lao. Kisha akatema mate chini, akafanya tope, akampaka mtu yule machoni, akamtuma akanawe katika ziwa dogo la Siloamu.

Sura hiyo mtasomewa katika Kwaresima, Dominika ya nne, ninyi mnaojitayarisha kubatizwa. Isikilizeni polepole, maana mtu yule ni mwenzenu. Hakuelewa yote siku moja. Alipoulizwa mara ya kwanza, alijua jina tu la yule aliyemponya. Mara ya pili akasema ni nabii. Mwishoni kabisa, alipokwisha kufukuzwa na wakubwa wa dini na hata wazazi wake wamemwacha ajitetee mwenyewe, ndipo alipomsujudia. Wenye macho mazima, waliokuwa wakimhoji, hao ndio walioendelea kupungukiwa kuona. Wala mzee aliyepofushwa na ugonjwa wa mito yetu, ule unaoletwa na nzi wadogo weusi, asidhani kwamba twamsema yeye tukisema giza. Namjua mmoja asiyeona mkono wake mwenyewe, naye humtambua kwa hatua zake kila mtoto mwenye njaa apitaye mlangoni pake, humwita na kumpa viazi.

Liko jambo moja gumu zaidi ya kuona, nalo ni kuonekana. Nikodemo alimjia Yezu usiku. Alikuwa mtu mwenye cheo, aliogopa macho ya wenzake. Bwana hakumfukuza wala hakumkemea kwa saa aliyoichagua. Alizungumza naye mambo makubwa ya kuzaliwa mara ya pili kwa maji na Roho. Miongoni mwenu wamo wajao kwangu jioni, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ya baba mkwe au kwa sababu ya mke wa pili aliye nyumbani. Sitawatangaza. Tena katika nchi yetu, miaka ya vita, watu wengi walizima moto kabla ya giza kuingia, wasije wakaonekana na wenye silaha, na mama aliyefanya hivyo aliokoa watoto wake. Kujificha si dhambi kila mara. Lakini Injili yamwonyesha Nikodemo tena siku ile Bwana alipokufa, akileta manemane na udi vya kumzikia, kiasi cha ratili mia hivi, mzigo ambao mtu hawezi kuuficha chini ya nguo.

Wakristu wa kwanza waliita ubatizo "kuangaziwa". Mtakatifu Yustino aliandika hivyo katika karne ya pili. Katika karne ya nne, Yerusalemu, Askofu Sirili aliwafundisha wakatekumeni wake kwa matendo: usiku wa Pasaka walisimamishwa kuelekea magharibi, mahali jua linapozama, wakanyosha mkono na kumkana Shetani kana kwamba yu mbele yao, kisha waligeuka mashariki, wakaungama imani. Ninyi hamtageuka hivyo, lakini maneno ya kumkana mtayasema, na jina la kila mmoja litasikiwa na kijiji chote.

Yafaa mjue pia kwamba kwa karne nyingi sala za usiku huo zilikuwa zimesogezwa hadi asubuhi ya Jumamosi Kuu. Padri aliwasha mshumaa wa Pasaka na kuimba sifa za usiku mtakatifu, na jua la mchana limejaa madirishani! Mwaka 1951 Papa Pio XII aliruhusu ibada irudi usiku, na tangu mwaka 1956 ikawa sheria kwa Kanisa lote. Ndiyo maana tutakusanyika nje, gizani, taa zote zimezimwa, na moto mpya utawashwa. Na kwa kuwa Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu, ibada hiyo huwa daima katika juma la mwezi mkubwa. Ninyi wa ziwani mwajua maana yake: mwangaza wa mwezi ukitanda juu ya maji yote, ndagala haikusanyiki kwenye taa, wavuvi hukaa pwani na kushona nyavu zao.

Mshumaa, ule tuuitao buji sokoni, kila mmoja auandae mapema. Asiye nao aniambie kabla ya Juma Kuu, wala asione haya. Baada ya maji, msimamizi wako atauwasha penye mshumaa wa Pasaka na kukupa mkononi. Mkiisha kurudi nyumbani, msiutumie petroli ikikosekana, kama wengine wafanyavyo. Ufungeni katika kitambaa, uwekeni juu, mbali na panya, kwa maana panya hupenda nta. Katika jamaa nyingi za wakristu hutolewa tena siku ya kurudia ahadi za ubatizo. Na tena siku ile mwenyewe yu mgonjwa sana, na padri amekuja na Mafuta Matakatifu. Huwashwa kando ya kitanda, na kama mkono wake hauna nguvu ya kuushika, mwingine humshikia.